UZI: Upanga wa kifalme wa Japani ambao hata mfalme mwenyewe haruhusiwi kuutazama

MkobaWaBabu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kwenye uzi wa taji la Uingereza kuna mdau alisema mali za kifalme ziko kwa ajili ya kuoneshwa, kinyume cha hapo zina faida gani. Sikumjibu pale pale. Nikasema ngoja nilete kisa cha upanga ambao nguvu yake yote iko kwenye kufichwa. Ni mrefu, wenye haraka zao wapite tu.

Tuanzie karibu. Tarehe 1 Mei 2019, ikulu ya Tokyo, ukumbi unaoitwa Matsu no Ma. Jana yake Akihito kaachia ufalme, mfalme wa kwanza wa Japani kung'atuka tangu mwaka 1817. Sasa mwanawe Naruhito kasimama peke yake mbele, kimya. Wanaingia wahudumu wa ikulu kwa mwendo wa kunyata, mmoja kabeba kasha refu lililofungwa kwa kitambaa, mwingine kasha dogo, wengine mihuri. Wanaviweka juu ya meza mbele yake na kuinama. Naruhito naye anainamisha kichwa. Hakuna hotuba wala kuvalishwa taji, na hafla nzima haikufika dakika kumi. Makasha yakabebwa yakatolewa vile vile yalivyoingia, bila kufunguliwa.

Ndani ya lile kasha refu kuna upanga. Au niseme, tunaambiwa kuna upanga.

Unaitwa Kusanagi. Ni mmoja kati ya hazina tatu za kifalme za Japani, pamoja na kioo kinachotunzwa hekalu la Ise na kito kinachokaa ikulu. Asili yake imeandikwa kwenye vitabu viwili vikongwe kabisa vya nchi hiyo, Kojiki wa mwaka 712 na Nihon Shoki wa mwaka 720. Nawasimulia kama walivyosimulia wao, msinishike shati.

Susanoo, mungu wa tufani, alikuwa mkorofi hadi akafukuzwa mbinguni na dada yake Amaterasu, mungu wa jua. Akashukia nchi ya Izumo. Huko akawakuta mzee na mkewe wanalia, na binti yao kaketi katikati yao. Walikuwa na mabinti wanane, na kila mwaka joka lenye vichwa vinane na mikia minane lilikuja likameza mmoja. Huyu ndiye aliyebaki. Susanoo akaomba kumwoa, kisha akawaamuru wapike pombe kali na kuipanga kwenye madumu manane. Joka likaja, kila kichwa kikazama kwenye dumu lake, likalewa, likalala. Akaanza kulikatakata. Alipofika kwenye mkia mmoja, makali ya upanga wake yakamomonyoka. Akapasua taratibu aone kuna nini, akakuta upanga mwingine. Akaupeleka kwa dada yake kama zawadi ya kuomba suluhu, na Amaterasu baadaye akampa mjukuu wake aliyeshuka kutawala duniani. Ukoo wa wafalme wa Japani unajihesabu kutokea hapo.

Jina la Kusanagi lilikuja baadaye. Mwana wa mfalme, Yamato Takeru, alitumwa mashariki kupigana, na shangazi yake aliyekuwa kuhani wa Ise akamkabidhi upanga huo. Adui wakamvuta hadi kwenye nyika ya majani marefu, wakayatia moto. Akafyeka majani yaliyomzunguka kwa upanga ule, akawasha moto wake mwenyewe ukarudi upande wa adui. Ndipo ukaitwa mkata majani. Lakini kilichommaliza nacho ni upanga huo huo: aliuacha nyumbani kwa mkewe kule Owari, akaenda mlima Ibuki kupambana na mungu wa mlima akiwa mikono mitupu. Akaugua, akafa njiani. Mke akaujengea mahali pa kuutunza, na hapo ndipo penye hekalu la Atsuta, ambalo leo liko ndani ya jiji la Nagoya.

Sasa tutoke kwenye visasili. Mwaka 668 mtawa wa Kibudha anayeitwa Dogyo aliuiba pale Atsuta akakusudia kuvuka nao hadi Silla, Korea. Dhoruba ikamrudisha. Upanga haukurudishwa hekaluni, ukabaki ikulu. Mwaka 686 mfalme Tenmu akaugua, waganga wakapiga ramli, jibu likawa ni laana ya Kusanagi. Siku hiyo hiyo ukasafirishwa kurudi Atsuta. Mfalme alikufa hata hivyo.

Hapa ndipo pa kushika vizuri, maana wengi wanachanganya. Kwa mapokeo ya Kijapani panga ni mbili. Ule wa asili uko Atsuta. Ikulu kuna pacha wake, ambaye wanasema alitengenezwa enzi za mfalme Sujin kwa sababu mfalme huyo aliogopa kulala nyumba moja na vitu vya miungu. Pacha naye si "feki" kwa macho yao. Alifanyiwa ibada, ana hadhi kamili ya kifalme. Huyo pacha ndiye anayezunguka na wafalme, na ndiye aliyezama baharini.

Naam, ulizama. Nakuja na sehemu hiyo, ngoja ninywe chai.

---

Kibwebwe

Nimeweka kambi hapa. Lete mzigo mkuu.

---

Mbishi_Asilia

Mungu, joka, pombe, upanga kwenye mkia. Chai ya rangi hii. Sukari umeweka?

---

MkobaWaBabu

@Mbishi_Asilia sukari unaongeza mwenyewe. Inayofuata haina joka.

Miaka ya 1180 koo mbili za kijeshi, Taira na Minamoto, zinagombea Japani. Taira wana mtoto wao kwenye kiti: mfalme Antoku, mjukuu wa kiongozi wao. Mwaka 1183 wakazidiwa, wakaukimbia mji mkuu wa Kyoto wakiwa na mtoto na hazina zote tatu. Waliobaki Kyoto wakamtawaza mdogo wake, Go-Toba, mwenye umri wa miaka mitatu, bila upanga, bila kioo, bila kito. Nchi ikawa na wafalme wawili, wote watoto: mmoja na hazina akiwa mbioni, mwingine na mji mkuu bila hazina.

Tarehe 25 Aprili 1185 wakakutana kwenye mlango-bahari wa Shimonoseki, mahali panapoitwa Dan-no-ura. Ni vita vya mitumbwi na merikebu. Asubuhi mkondo wa maji uliwabeba Taira, mchana ukageuka. Mabaharia wao wakaanza kupigwa mishale, vyombo vikawa vinazunguka bila usukani, na kamanda mmoja akawasaliti katikati ya mapigano.

Bibi yake Antoku, Taira no Tokiko, alikuwa mtawa wa kike na mjane wa kiongozi wa ukoo. Alipoona mambo yameisha akakunja joho lake, akakibana kito kwapani, akauchomeka upanga kiunoni, akamchukua mtoto. Simulizi zinasema mtoto alimuuliza bibi tunakwenda wapi. Akamwambia aelekee mashariki aage, kisha aelekee magharibi asali, na kwamba chini ya mawimbi nako kuna mji mkuu. Wakaruka pamoja. Antoku alikuwa na miaka sita.

Kasha la kito lilielea, wakaliokota. Kasha la kioo lilikutwa chomboni. Inasimuliwa kwamba askari aliyetaka kulifungua aliingiwa na kiwi cha macho na damu zikamtoka puani, akaliacha. Upanga ukaenda chini.

Wakautafuta kweli. Mwaka 1187 alipewa kazi hiyo Saeki Kagehiro, kuhani wa hekalu la Itsukushima, akaenda na wapiga mbizi. Hawakuupata. Mlango ule mikondo yake ni mikali hadi leo, meli zinapita kwa tahadhari.

Kinachonivutia mimi ni maelezo waliyojipa baada ya hapo. Watu wengine walisema joka la Izumo ndilo lililozaliwa tena kama Antoku ili lichukue upanga wake na kurudi nao majini. Mtawa Jien, mtu wa ukoo mkubwa na msomi, akaandika mnamo 1220 hoja ya kisiasa kabisa: kwamba upanga ulikuwa alama ya nguvu za kijeshi za mfalme, na kwa kuwa sasa wapiganaji wenye shogun wao (jemadari mkuu) ndio wanaomlinda mfalme, upanga haukuwa na kazi tena, ndiyo maana ulitoweka. Ukiangalia historia, kuanzia hapo hadi 1868 mashogun ndio walioshika nchi karibu muda wote. Jien aliliona hilo likiwa ndiyo kwanza limeanza.

Na Go-Toba je, yule aliyetawazwa bila upanga? Alikua akawa na wazimu wa panga. Aliwaita wahunzi bora wa nchi waje kwake kwa zamu, mwezi kwa mwezi, na yeye mwenyewe akashika nyundo. Mwaka 1221 akajaribu kuwapiga wapiganaji kwa nguvu, akashindwa, wakamfungia kisiwa cha Oki hadi kufa kwake. Kusema alikuwa anajaza pengo la upanga uliozama ni tafsiri yangu, ila sioni namna ya kulikwepa wazo hilo.

---

Mbishi_Asilia

Haya hii imekaa sawa. Swali: kama ulizama, kile kilichoingia kwa Naruhito kwenye kasha ni nini?

---

MkobaWaBabu

Swali zuri. Kwanza walitumia upanga wa kawaida wa mfalme wa pale ikulu. Halafu mwaka 1210 wakachukua upanga uliokuwa umeletwa kutoka hekalu la Ise, wakaufanya ndio pacha mpya wa Kusanagi. Ndio huo unaohesabika hadi leo.

Nao umepitia makubwa. Mwaka 1443 watu wenye silaha waliivamia ikulu usiku, wakaondoka na upanga na kito. Upanga ukaokotwa muda si mrefu kwenye hekalu la Kiyomizu, lile lile watalii wanalopigia picha Kyoto. Kito kilirudi mwaka 1458, miaka 15 baadaye. Kabla ya hapo, kati ya 1336 na 1392, nchi iligawanyika katika ikulu mbili za kaskazini na kusini, kila moja ikidai ndiyo yenye hazina halisi, ugomvi ukaisha pale mfalme wa kusini alipozikabidhi kwa wa kaskazini.

---

Nahodha wa Amu

Mleta mada umenikumbusha jambo la kwetu. Siwa ya Pate, baragumu la pembe za ndovu lililokuwa alama ya ufalme, pia ina kisa cha bahari. Wazee wanasimulia kwamba siwa ya asili ilizama na chombo ikiwa safarini. Kabla ya hapo bibi mmoja wa ukoo wa kifalme, Mwana Darini, alikuwa amenyimwa siwa kwa ajili ya jando la mwanawe, akakasirika, akamtafuta fundi akamchongea yake. Ile ya kifalme ilipozama, waliomnyima wakaja kumpigia magoti. Akawaambia kila atakayeitaka atalipia, na mpigaji wake apewe chake. Basi ya Mwana Darini ikawa ndiyo siwa. Iko makumbusho ya Lamu, mtu yeyote anaingia anaitazama.

---

MkobaWaBabu

@Nahodha wa Amu hii ni tamu kuliko uzi wangu. Nawe unajibu swali la Mbishi kuliko mimi: hakuna mtu wa Pate aliyesema sasa hatuna ufalme kwa sababu pembe imezama. Iliyopigwa ndiyo siwa. Tofauti ni kwamba nyie mkaiweka kwenye kioo watu waione, Wajapani wakaongeza makasha.

---

Kibwebwe

Ina maana tangu dunia iumbwe hakuna binadamu aliyechungulia? Hata wale makuhani? Binadamu nimjuaye mimi lazima afungue.

---

MkobaWaBabu

Unamjua vizuri. Kuna maandishi ya enzi za Edo (1603 hadi 1868) yenye jina la Matsuoka Masanao, yanayodai makuhani kadhaa wa Atsuta walijifungia ndani wakafungua. Wanasema walikuta kasha la mbao la urefu wa kama mita moja na nusu. Ndani yake kasha la jiwe, na nafasi kati ya hayo mawili imeshindiliwa udongo mwekundu. Ndani ya jiwe kuna gogo la mkafuri lililochongwa kama mtumbwi na kutandikwa dhahabu. Upanga umelala humo: urefu wa sentimita 80 na kitu, umbo la jani refu lenye ncha, katikati mnene, karibu na mpini una vifundo kama uti wa mgongo wa samaki, rangi nyeupe-nyeupe.

Kisha maandishi yanasema kuhani mkuu alifukuzwa, na wenzake waliofungua walikufa kwa maradhi ya ajabu, akabaki mmoja ndiye aliyesimulia.

Laana mimi naiweka pembeni, lakini yale maelezo ya umbo yanatia shaka ya kuaminika, kama mtaniruhusu kusema hivyo. Upanga wa Kijapani kila mtu anaujua: umepinda, makali upande mmoja. Mtu anayetunga uongo enzi za Edo angeeleza huo. Huyu anaeleza upanga ulionyooka wa makali mawili, wa aina ya kale kabisa, kabla wahunzi wa Kijapani hawajaanza kupinda panga zao. Rangi nyeupe imewafanya wengine wafikirie shaba iliyochanganywa na bati nyingi.

---

Mbishi_Asilia

Au alikuwa ameona panga za kale zilizofukuliwa makaburini akanakili. Huhitaji kufungua kasha takatifu kujua panga za zamani zilikuwaje.

---

MkobaWaBabu

Inawezekana kabisa. Hapo umenibana, na sitajitoa.

---

Bint Mswafi

Naomba kuuliza kwenye ile hafla ya 2019, mke wa mfalme alikuwa wapi? Nimetafuta picha simuoni.

---

MkobaWaBabu

Hakuwepo, dada. Wanawake wa familia ya kifalme hawaruhusiwi kwenye makabidhiano ya upanga. Masako hakuwemo, na bintiye Aiko hakuwemo. Wa familia walioingia ni wanaume wawili tu zaidi ya mfalme. Ila kwa kuwa ni shughuli ya serikali na mawaziri hualikwa, waziri pekee mwanamke wa wakati huo, Katayama Satsuki, aliingia kama waziri, akawa mwanamke wa kwanza kuonekana kwenye hafla hiyo katika zama hizi. Mke wa mfalme nje, waziri ndani.

---

Mhasibu Mstaafu

Mimi nina swali la kikazi. Mali ya thamani hiyo inatoka kwa baba hai kwenda kwa mtoto. Kodi?

---

MkobaWaBabu

Unacheka lakini walikaa bungeni wakalijadili! Sheria yao ya kodi ya mirathi ilishasamehe hazina hizi, kwa mazoea ya kwamba mfalme hufa ndipo mwanawe arithi. Akihito alipoamua kuachia akiwa hai, ikawa si mirathi tena bali zawadi, na zawadi Japani inatozwa kodi. Basi sheria maalumu ya mwaka 2017 iliyomruhusu kung'atuka ikawekewa kipengele cha kusamehe kodi ya zawadi. Upanga uliotoka mkiani mwa joka, na kipengele cha kodi juu yake.

---

Mhasibu Mstaafu

Hapo sasa nimeuamini huo ufalme.

---

Kibwebwe

Wakati wa vita vya pili je? Wamarekani hawakuugusa?

---

MkobaWaBabu

Wasiwasi huo ulikuwepo juu kabisa. Mwishoni mwa Julai 1945 mfalme Hirohito alizungumza na mshauri wake Kido kuhusu kuzilinda hazina za Ise na Atsuta. Baadaye, akieleza kwa nini aliamua kusalimu amri, alitaja hilo: adui akitua karibu na ghuba ya Ise, mahekalu yote mawili yangeangukia mikononi mwake na pasingekuwa na muda wa kuzihamisha hazina. Miji inateketea, yeye anawaza kioo na upanga. Kuna wanaomlaumu vikali kwa hilo, na mimi nawaelewa. Nagoya ilipigwa mabomu vibaya, majengo makuu ya Atsuta yenyewe yaliungua. Baada ya kusalimu amri upanga wa Atsuta ukafichwa kwa muda milimani Hida, kwenye hekalu la Minashi, halafu ukarudishwa.

Hadi vita vinaisha, mfalme akilala nje ya ikulu pacha wa upanga na kito husafiri naye. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 1946, ukarudi 1974 kwa safari za Ise. Akihito alikwenda navyo Ise Aprili 2019 kuaga.

---

Bint Mswafi

Nina ndugu anasoma Nagoya. Akienda Atsuta ataona nini?

---

MkobaWaBabu

Ataona msitu wa miti mikubwa katikati ya jiji, na jengo la ndani ambalo haruhusiwi kulisogelea. Kuingia uwanja wa hekalu ni bure, kituo cha treni cha Jingu-mae kiko jirani. Tangu 2021 kuna jumba la maonesho ya panga humo humo, Kusanagi-kan, kwa kuwa watu wameitolea Atsuta mamia ya panga kwa karne nyingi. Hapo analipa kiingilio anaangalia nyingine zote, na kuna za mfano anaruhusiwa kuzinyanyua ajue uzito. Kabla hajaondoka ale tambi bapa za kishimen zinazouzwa ndani ya uwanja, ndizo za Nagoya.